Waagizaji, tuleteeni bakuchioli

Mhariri,

Nauza vipodozi hapa Mikindani. Akina mama wa makamo wananiulizia krimu ya retinoli (aina ya vitamini A) ya kuondoa makunyanzi, halafu wanarudi uso umebabuka, mashavu yanatoka magamba. Mjamzito simuuzii kabisa.

Ipo bakuchioli, kiambato cha krimu kinachotoka kwenye mbegu za mmea wa babchi wa India. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha watu 44 kwa wiki 12: makunyanzi na madoa yalipungua sawa na kwa retinoli, magamba na mchomo vikiwa pungufu. Si kila cha mmea ni salama, jamani. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vidole vya wabanguaji wetu. Waagizaji walete bakuchioli, na kiasi chake kiandikwe kwenye chupa kwa Kiswahili.

Muuza vipodozi,
Mikindani, Mtwara