Barua kwa mwanangu: hiyo choki irudishe

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Maneno yako niliyaelewa mara ya kwanza; mara mbili zilizobaki nilikuwa nasikiliza mashine ya boti iliyo nyuma yako. Inakohoa, inataka kuzima, halafu "tak", inatulia. Mlio huo naujua. Umevuta choki nusu, na Jumamosi unataka kwenda nayo hivyo hivyo mpaka maji makuu.

Usiende nayo hivyo.

Choki ni ya kuamshia mashine baridi, basi. Kile kibati kinaziba mdomo wa kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa; hewa inapungua, petroli inazidi, plagi inapata cha kuwasha. Ikishapata moto, kibati kinatakiwa kilale wazi kabisa. Mashine yenye moto ambayo bado inalilia choki ina njaa: kuna mahali petroli inazuiliwa, na wewe unauficha ugonjwa wake. Hii yetu inapata oili kutoka kwenye petroli hiyo hiyo. Petroli ikipungua na oili imepungua, joto linapanda, pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Hapo hata kamba ya kuwashia haivutiki.

Ile pistoni iliyoungua mwaka ule ukiwa shule, nilimtukana sana aliyetuuzia petroli. Petroli haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeendesha wiki nzima na choki nusu. Kwa hiyo najua ulijifunzia wapi.

Anza na vya bure. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa? Ikifungwa, tangi linakosa pumzi na petroli haiji. Kisha, mashine ikianza kufifia, minya pampu ya mkono. Ikifufuka, kabureta iache kwanza: tazama mpira wa petroli unaovuta hewa mahali ulipopasuka, filta iliyojaa uchafu, au pampu ya mafuta yenye ngozi iliyochoka. Ikiwa kuminya hakusaidii lakini choki inasaidia, basi ni jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, na hapo hukwepi kufungua.

Fanya nchi kavu, mbali na moto. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, ukinge kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Petroli itakaa juu. Kama kuna maji utayaona chini, yamejikusanya kama shanga. Ukikuta utando wa rangi ya chai unaonata vidoleni, hiyo ni petroli iliyolala humo kwa miezi. Nilikwambia uimalize kabla ya kuiweka mashine, ukasema nitafanya kesho, baba.

Jeti usiichokoe kwa waya. Ni shaba laini, na tundu lake limepimwa, ukilikwaruza umelipanua. Ile ya zamani iliyomo kwenye boksi la spana ina tundu la umbo la yai, usiniulize ilikuwaje. Pulizia dawa ya kabureta, kisha hewa, uishike juani: unataka kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Na ile skrubu ya mwendo wa chini, kabla hujaitoa, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko, uandike. Usiikaze, ncha yake inaharibika.

Halafu choki yenyewe. Kitufe kurudi si kibati kurudi. Toa kifuniko cha mbele, uvute na kusukuma huku ukitazama kwa macho yako. Kifimbo kikishika kutu, kibati kinabaki kimefunga nusu, moshi unajaa, plagi zinatoka nyeusi zimelowa, na mtu anaanza kulaumu kabureta nzima.

Ulipobadilisha impela ya pampu ya maji peke yako, niliwasimulia watu wote. Wewe tu ndiye sikukwambia.

Huku tangi la juu ya bafu linamwaga maji tangu Jumatatu, floti yake imekwama. Mama yako anasema fundi wa kabureta ameshindwa na tangi la maji. Bawaba ya mlango wa nyuma nayo inasubiri uje, mimi magoti hayanipi ruhusa ya kuchuchumaa. Habari ya Jumamosi sijamwambia, na dada yako naye usimwambie, hana siri.

Makasia yamo botini? Na nanga ina kamba ya kutosha? Plagi za akiba ziwe mbili, kwenye mfuko usiopitisha maji.

Ukishaifunga, iwashe, iache ipate moto, urudishe choki mpaka mwisho. Kisha nitumie ujumbe mwingine wa sauti. Usiongee. Niachie mashine peke yake kwa dakika mbili.

Baba yako