Barua ya wazi kwa wadhamini wa mifuko ya akiba ya wafanyakazi, Tanga

Wanangu mliochaguliwa na wenzenu,

Assalaam alaykum. Tangu nistaafu uhasibu, wadhamini wa mifuko ya akiba ya kazini, yaani mliokabidhiwa kusimamia fedha za wenzenu, hunijia hapa Ngamiani na swali moja: fedha za wafanyakazi zikipotea, nani atalipa? Wengi wanaamini kwamba atalipa mwajiri au mweka hazina. Ukweli ni kwamba mdhamini aliyekiuka wajibu wake anaweza kudaiwa mali yake mwenyewe, na kukaa kimya hakumwokoi.

Sheria yetu, Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania, ilizipokea kanuni za Uingereza za amana, yaani mali ambayo mtu huishika kwa faida ya wengine, zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1886, iliamuliwa kesi ya Bahin dhidi ya Hughes, ambamo ndugu mmoja aliendesha amana ya familia peke yake na kuwekeza fedha mahali pasiporuhusiwa, huku wenzake wakimwachia kila kitu. Hasara ilipotokea wote walibebeshwa, na upande wa mmoja wa walionyamaza ulipoomba mwendeshaji aibebe peke yake, mahakama ilikataa.

Ndiyo maana nilishtuka nilipooneshwa kitabu cha hundi chenye saini za wadhamini wawili kwenye karatasi zisizo na jina wala kiasi, kwa kuwa mmoja wao alikuwa anasafiri kwenda Pemba na hakutaka kuwachelewesha wenzake. Nia yake ilikuwa njema, lakini alikuwa ameshaidhinisha malipo asiyoyajua. Nawasihi, msitie saini hundi tupu hata kwa mtu mnayemwamini kama ndugu, na taarifa ya benki iombeni benki wenyewe, msingojee nakala ya mweka hazina.

Jambo gumu kuliko yote huja pale mwajiri anapoomba mfuko umkopeshe alipe mishahara ya mwezi mmoja tu. Anayeomba ndiye anayewaajiri, na kwetu kumkatalia mkubwa usoni ni kazi nzito. Hata hivyo, katika kiti cha udhamini mnawatumikia wanachama. Fungueni hati ya mfuko. Ikiwa hairuhusu mkopo huo, kataeni kwa maandishi. Ukizidiwa kura, hakikisha pingamizi lako limeandikwa kwenye muhtasari, kisha umwone wakili na uwaarifu wanachama, maana kuandikwa peke yake huenda kusitoshe. Marekani, ambako kufungwa kwa kiwanda cha magari cha Studebaker cha South Bend mwaka 1963 kuliwapotezea maelfu ya wafanyakazi pensheni zao, sheria ya mwaka 1974 inasema wazi kwamba mdhamini anayejua kosa la mwenzake na asifanye juhudi ya kulirekebisha hulibeba pamoja naye.

Kuhusu uwekezaji nitasema machache. Msiweke fedha zote mahali pamoja, na kama kampuni inayotaka fedha hizo ni ya mdhamini au ya shemeji yake, aseme mapema na atoke kikaoni.

Anayetaka kujiuzulu akabidhi vitabu vyote kwa maandishi mbele ya mashahidi, akijua kwamba kuondoka hakufuti deni la makosa yaliyotendeka akiwa bado mdhamini.

Wasalaam,
Mzee wenu, mhasibu mstaafu, Ngamiani