Mchezo wa kusaka picha usiwe wa mbio

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mchezo wa kusaka picha ambao mimi, mwanangu na mpwa wangu tulishiriki hivi karibuni katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa wasioufahamu, kila kundi hukabidhiwa karatasi yenye mafumbo, likafumbua na kufika mahali panapohusika, likapiga picha inayoendana na mada ya siku, kisha likarudi kwa waamuzi kabla muda haujaisha. Mada yetu ilikuwa "Mikono", mafumbo yalikuwa kumi, nasi tulipewa kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi.

Nikiri kwamba mchezo huu umenifundisha jiji ninaloishi. Fumbo moja lilisema: "Tulikuwa miguu na mikono ya jeshi, leo jina letu ni soko." Mwanangu alidhani ni Feri, kwenye soko la samaki, nami sikuwa na jibu, mpaka tulipofika kwenye Sanamu ya Askari kwa ajili ya fumbo jingine, na mpwa wangu akainama kusoma maandishi yaliyo chini yake. Sanamu hiyo ya shaba ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kikosi cha wapagazi hao Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndiko lilikotoka jina la Kariakoo. Nimepita pale kwa miaka mingi nikienda Posta, wala sikuwahi kusimama nikasoma. Tulikwenda Kariakoo tukampiga picha, kwa ridhaa yake, msukuma mkokoteni aliyekuwa akikaza kamba juu ya marobota ya mitumba, na sidhani kama kulikuwa na jibu bora zaidi la fumbo lile.

Lililonifanya niandike barua hii lilitokea Feri. Kundi lililotutangulia lilimfikia mama mmoja anayekaanga samaki, na bila hata salamu wakamsogezea kamera karibu na karai, wakapiga picha kadhaa na kuondoka mbio. Mama yule alivuta upindo wa khanga akafunika uso. Mpwa wangu alipomwamkia, aliitikia "Marahaba," kisha akauliza kama na sisi tumekuja kupiga na kukimbia. Tuliona aibu kwa kosa ambalo hatukulifanya. Tukaketi kwenye benchi lake, tukanunua samaki, tukamweleza mchezo wenyewe ni wa nini. Baada ya muda alikubali tupige mikono yake tu, uso hapana. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia ana kovu la mafuta lililong'aa, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na kwenye kucha kulikuwa na hina iliyofifia ya harusi ya bintiye. Hayo yote tusingeyaona kama tungekuwa na haraka.

Tulirudi kwa waamuzi na picha saba, tukashika nafasi ya nyuma kabisa, wakati kundi lile lilitunukiwa kwa kumaliza mapema. Sidai pointi zetu. Ninachodai ni kwamba utaratibu unaompa ushindi anayewahi ndio unaowafundisha vijana wetu, wengi wao wakiwa watoto wenye adabu nyumbani kwao, kumgeuza mtu aliye kazini kuwa kitu cha kuokota njiani.

Nawaomba waandaaji wapunguze mafumbo, hata yakiwa matano yanatosha, na waache kutoa pointi za kuwahi. Picha ya mtu isihesabiwe mpaka kundi lieleze lilivyomwomba na yeye alivyojibu. Vilevile washiriki waambiwe mapema ni wapi kamera haziruhusiwi, kwa kuwa Feri ni jirani na Ikulu na kijana anaweza kujiingiza matatani bila kujua.

La mwisho ni kurudisha picha. Kila kundi lisafishe angalau picha moja na kumpelekea aliyepigwa, na waamuzi wasitangaze washindi kabla hilo halijafanyika. Gharama yake si kubwa. Sisi tulifanya hivyo Jumamosi iliyofuata. Mama yule aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, akamwita jirani yake naye aione, kisha akajifunga kilemba upya na kumwambia mpwa wangu kwamba sasa anaweza kumpiga uso.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam