Kwenu mliokabidhiwa watu: kabla hamjaagiza vyeti

Wanangu wasimamizi,

Nimesikia mmetengewa fungu la motisha, na wengine wenu mmeshaanza kuulizia bei za vyeti na vikombe. Kabla hamjaagiza, nipeni sikio. Nimeongoza watu kwa miaka 30 na ushei, na kosa nililolirudia kuliko yote ni kuzawadia kazi ambayo sikuwa nimeitazama.

Tulikuwa na mfanyakazi bora wa mwezi: picha ukutani, cheti, bahasha. Mwanzoni watu walishangilia. Kisha nikaogopa manung'uniko, nikaanza kuzungusha. Mwezi huu stoo, ujao masijala, unaofuata madereva. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema vidole vyote kumi vivikwe kwa zamu. Siku moja mama aliyetunza stoo akairudisha bahasha mezani kwangu, kwa adabu zote, akauliza: "Mzee, hebu niambie, nimefanya nini?" Nikakosa jibu. Kumbe alikuwa amepanga upya kadi zote za stoo, na vifaa vilivyokuwa vikipotea kila wiki vilikuwa vimeacha kupotea. Niliambiwa hayo baadaye, na mtu mwingine kabisa.

Mshahara kwanza, hilo halina mjadala. Ukimpongeza mtu unayemtaka avumilie malimbikizo ya mshahara ya miezi miwili, unamdhihaki. Mwaka 1913 wafanyakazi walikimbia kiwanda cha magari cha Henry Ford kule Marekani hadi kiwango cha kuacha kazi kikafika asilimia 370, yaani walioondoka mwaka huo walikaribia mara nne ya nafasi za kazi zilizokuwepo. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya malipo ya awali, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Watu wakatulia. (Alituma pia wachunguzi majumbani kwao kuona wanavyoishi, hilo msiige.)

Ila msidhani pesa ikitosha mmemaliza. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, wakatoa matokeo mwaka 1959. Watu walipoeleza yaliyowachukiza, walitaja zaidi sera za kampuni na usimamizi mbovu. Walipokumbuka nyakati walizoipenda kazi, walitaja kufanikisha jambo gumu na kutambuliwa kwa hilo. Mtambuaji ni lazima awe ameona, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa kuwa kuona kunataka muda na bahasha haitaki.

Kuhusu bonasi za malengo, kuweni waangalifu sana. Unapotangaza kwamba akaunti nyingi ndizo zenye malipo, utaletewa akaunti. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi wake kwa malengo ya mauzo na bonasi, wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, na mwaka 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Najiuliza ni wangapi kati yao waliingia kazini wakiwa waaminifu. Basi kabla ya kutangaza lengo lolote, kaeni na fundi au karani mjanja kuliko wote, mmwombe awaonyeshe jinsi ya kulifikia kwa hila. Atawaonyesha kabla chai haijapoa.

Kuna jambo jingine, nalo lilinishangaza. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walieleza jaribio la watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa tuzo kabla ya kuchora walikuja kuchora muda mfupi zaidi siku nyingine, hata wakiwa huru, takriban nusu ya wenzao. Waliopewa tuzo ileile kwa kushtukizwa hawakupungua. Watu wazima si watoto, najua, lakini tangu niliposoma hayo nikaacha kuahidi tuzo kwa kazi ambayo mtu tayari anaipenda. Nilisubiri aimalize, nikaenda pale alipo, nikasema nilichokiona.

Semeni kitu chenyewe. "Hongera kwa kujituma" haimfai mtu yeyote. "Jana uliirudisha ile ankara kabla haijalipwa mara mbili" inamfaa mmoja tu. Na ulizeni pia apendavyo kushukuriwa: wapo wanaofurahia kusimamishwa mbele ya mkutano, wapo ambao kwao hiyo ni adhabu.

Jumatatu chukueni karatasi, andikeni majina ya watu wenu wote, na mbele ya kila jina jambo moja alilofanya mwezi huu. Penye nafasi tupu, anzieni hapo kuwatembelea watu na kutazama kazi zao.

Mzee wenu, mstaafu