Akili mnemba ianzie kwenye rekodi za muuzaji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi kila semina ya biashara mtandaoni ni akili mnemba tu, na mimi naiunga mkono kabisa, maana hata Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, walinunua Kiva, kampuni ya maroboti ya maghala, tangu 2012. Ila muuzaji wa Kariakoo anayeuza Instagram shida yake sio roboti, shida ni kujua aagize nini na lini, maana mzigo wa meli toka Guangzhou, China, unaweza kukaa mwezi na zaidi njiani, ukikosea hesabu viatu vya watoto vya Idi vinaingia bandarini sikukuu imeshapita na hela inalala stoo. Hapo programu ya akili mnemba ya kukadiria mauzo ingemsaidia kweli. Lakini itakadiria kwa data gani? Oda ziko kwenye meseji za WhatsApp, madeni kwenye daftari, hela ya bodaboda haijaandikwa popote! Halafu Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, programu inayofuata Januari mpaka Desemba peke yake itamtia hasara. Jamani wanaotoa mafunzo na mikopo wawafundishe kwanza vijana kurekodi kila oda, saizi, rangi, tarehe, hata kwenye simu tu.

Mdau, Dar es Salaam