Insha irudishwe kwa aliyeiandika

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzangu anayesema kuandika ni kipaji cha kuzaliwa, na kwamba mtoto asiyejaliwa kipaji hicho asisumbuliwe na insha, bali ashughulike na hesabu. Hayo ya mwisho yamenikosesha usingizi. Nilipokuwa na miaka 13 mwalimu wangu aliiinua insha yangu mbele ya darasa kwa ncha za vidole viwili, akasema, "Wewe kalamu haikutaki." Nilikuwa nimepata 4 kati ya 20. Hakunionyesha hata sentensi moja iliyoharibika wala namna ya kuitengeneza. Kwa miaka mingi baada ya hapo sikuandika neno ila lile nililolazimishwa kuandika.

Baadaye, kwa njia ndefu ambayo si ya kusimuliwa hapa, nikawa mwalimu wa lugha. Nimesahihisha insha kwa miaka 27 hadi kustaafu.

Sikatai kwamba watoto hawalingani. Wapo wenye sikio: wakisoma sentensi kwa sauti wanajua imepinda hata kabla hawajajua kwa nini. Lakini kila nilipowadadisi, aghalabu nilikuta kuna bibi aliyewasimulia hadithi kila jioni, au walikuwa wakisoma kila karatasi iliyowapitia mikononi. Sisi walimu tulikutana nao wakiwa na miaka kumi tayari ya kusikiliza, tukasema wamezaliwa hivyo.

Kusema, mtoto hujifunza mwenyewe kwa kuishi na watu. Kuandika hakuji hivyo. Maandishi ya kale kabisa tunayoyajua, yale ya Mesopotamia, ilipo Iraki ya leo, yana miaka 5,000 na ushei tu, na mengi yake ni kumbukumbu za nafaka, mifugo na posho za wafanyakazi. Yalianza kwa watu waliokuwa wakihesabu. Basi huyo mtoto anayeambiwa aache insha ashike hesabu anatenganishwa na nini hasa?

Mfano niliokuwa nikiwapa wanafunzi wangu ni wa Benjamin Franklin, mwandishi mashuhuri Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1706. Akiwa kijana mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, baba yake alizisoma barua alizokuwa akijibizana na rafiki yake. Alimwambia tahajia yake ni nzuri kumshinda mwenzake, ila mpangilio na uwazi hana, akamwonyesha mahali kwa mahali. Angalieni tofauti: baba huyu hakusema kalamu haimtaki mwanawe. Franklin alichukua makala za gazeti alizozipenda, akaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa. Kisha akajaribu kuziandika upya kwa maneno yake, akalinganisha na zile za asili na kurekebisha makosa yake. Wakati mwingine alivichanganya vidokezo ovyo ili ajifunze kuvipanga. Alifanya hayo usiku baada ya kazi au alfajiri kabla yake. Ameyaeleza mwenyewe katika tawasifu yake, na mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kuyafanya.

Nami nilikuwa na mwanafunzi ambaye walimu wenzangu walikuwa wamekwisha mkatia tamaa. Aliandika kuhusu kifo cha babu yake: "Siku hiyo ilikuwa ya huzuni kubwa sana na watu wote walihuzunika." Sikumpa alama. Nilimuuliza alipoamka asubuhi ile aliona nini. Akanyamaza kitambo, kisha akasema bibi alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nikamwambia aende akaandike hivyo hivyo. Aliirudisha insha ile mara nne. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa alijaza tamathali za kuazima. Ya nne niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Shuleni insha huandikwa mara moja, hutiwa wino mwekundu, hupewa alama, na wiki inayofuata mada ni nyingine. Mtoto haoni kamwe sentensi yake mbovu ikigeuka kuwa nzuri mikononi mwake mwenyewe, kisha tunashangaa akiamini kwamba wenzake wamezaliwa na kipaji. Nawaomba walimu wapunguze idadi ya insha kwa muhula, wanafunzi waandike insha tatu badala ya kumi, lakini kila moja irudi kwa mwandishi wake angalau mara mbili, ikiwa na swali pembeni na si alama tu. Najua madarasa ni makubwa. Nilifundisha darasa la watoto 60, na niliwafanya wasomeane kwa sauti wawili wawili kabla ya kuniletea. Makosa mengi waliyakamata wenyewe.

Mvulana yule hakuwa mtunzi wa vitabu. Ni mwuguzi. Tulipokutana aliniambia kwamba akimaliza taarifa ya kukabidhi zamu huisoma kwanza kwa sauti ya chini, kwa sababu anayeingia usiku atakuwa na wagonjwa na karatasi ile tu, hana mtu wa kumuuliza.

Mwalimu mstaafu