Anza na picha, zoezi lifuate

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema kila jioni unachora masanduku na mitungi ya mazoezi, na ile picha kubwa ya mwaloni, pale mitumbwi inapofikia na dagaa kushushwa, bado iko kichwani tu. Usihangaike kutafuta muda zaidi. Anza na picha, nayo ndiyo ikuambie ufanye zoezi gani.

Chora rasimu tano za mwaloni, ndogo za kutosha kiganjani, kwa ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Chagua moja, ihamishie kwenye karatasi kubwa ya A3, uende nayo mpaka ikwame. Mara nyingi itakwama kwenye mtumbwi. Wengi huchora kingo zake kama mistari miwili sambamba, ndiyo maana unaonekana umelala ubavu. Basi wiki hiyo zoezi lako liwe mitumbwi tu. Tangulia na namba 8 ndefu iliyolala. Hiyo ndiyo inakupa mipindo ya kingo za juu. Jicho likiwa karibu na usawa wa kingo, 8 iwe nyembamba zaidi. Shusha mstari wa mbele na wa nyuma, unganisha tumbo kwa mkunjo mmoja, kisha kata usawa wa maji. Usipoukata, mtumbwi utaelea hewani. Ukishachora kama ishirini kwenye karatasi za bei rahisi, rudi kwenye A3 mkono ukiwa bado na moto.

Wachukuzi wa magunia ya dagaa wape dakika moja kila mmoja, penseli laini ya 2B, bila raba. Kwa aliyesimama, uzito wa mwili na gunia ukitoka nje ya miguu yake, ataonekana anaanguka.

Ukipata masaa sita kwa wiki, matatu ya zoezi, matatu ya picha. Picha ipe asubuhi, saa 1 hadi saa 3, jua likiwa bado chini na vivuli virefu. Mchana jua linakuwa utosini, na hata Jiwe la Bismarck pale ziwani linaonekana bapa. Zoezi hata usiku kwa taa linafanyika.

Na tafadhali, usianze picha upya kila ukijifunza kitu. Makosa utayaona, kwa sababu jicho limekua. Yaandike nyuma ya karatasi, maliza, kisha chagua moja liwe zoezi la picha inayofuata. Kumalizia kuna ujuzi wake, kama kujua ukingo upi uache laini na wapi uinue mkono, na masanduku hayakufundishi hilo.

Wiki za mitihani weka A3 kando bila kujilaumu. Bakiza daftari la mfukoni, dakika kumi ukiwa kwenye feri ya Kamanga.

Ukija Jumamosi njoo na hizo rasimu tano, tuchague pamoja.

Wako daima